Ungo wa Pili

Wiki iliyopita nilitoka kwenye mkutano wa walimu kabla haujafungwa. Sikuwa mgonjwa, wala sikuitwa nyumbani. Nilikuwa nimekwisha kuhama viti viwili vitatu nikitafuta pa kukaa, hata mwenyekiti akaniuliza kwa upole kama chini yangu kuna siafu. Tulikuwa tunajadili kama shule ziwafundishe wasichana na wavulana wa madarasa ya juu habari za miili yao: kukua, hedhi, mimba inavyopatikana na namna ya kujilinda. Mwenzetu mmoja, mtu mwema kabisa, mwenye mabinti zake, alisimama akasema mambo hayo yana wenyewe, tuwaachie akina mama nyumbani. Watu wakapiga makofi. Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Nilikuwa na la kusema. Shida yangu ni kwamba nikianza kulisimulia hucheka, na nikicheka watu hudhani naleta mzaha, na mimi sina mzaha hata kidogo katika jambo hili. Kwa hiyo naliandika. Nikiandika naweza kusimama, nikazunguka meza, nikarudi, na hakuna wa kuniuliza habari za siafu.

Kwetu ni Bukene, kwenye reli ya Mwanza. Zama hizo za Mwingereza baba alikuwa kwenye genge la reli, watu wa kubadili mataruma na kukaza nati juani. Kiswahili chake alikipata humo, kwa wenzake waliotoka Morogoro na Bagamoyo, na alijivunia kila neno la pwani lililompata. Watu husema njia ya misafara ilileta Tabora nguo na shanga, wanasahau kwamba ilileta maneno pia. Maneno yalipanda kutoka pwani vichwani mwa wapagazi, babu zetu wenyewe, na yalipofika kwetu yalikaa. Baba aliyaokota. Mama hakuhangaika nayo. Kinyamwezi kilimtosha kwa shamba, kwa watoto na kwa Mungu.

Mimi nilikuwa Darasa la Nne katika shule ya bweni ya masista, nje kidogo ya mji wa Tabora. Tulianza shule tukiwa wakubwa siku hizo, kwa hiyo Darasa la Nne lilikuwa na wasichana wenye vifua. Mbele yetu kulikuwa na mtihani, na baada ya mtihani shule ya kati, ambayo ilichukua wasichana wachache sana. Niliitaka shule ile vibaya. Sikuwa na sababu nzuri ya kuwaeleza watu. Nilijua tu kwamba siwezi kukaa mahali pamoja, na shule ilikuwa ndiyo njia pekee niliyoiona ya kwenda mahali pengine.

Lakini kulikuwa na ahadi. Baba alikuwa amezungumza na ukoo mmoja wa Nzega, watu wenye ng'ombe na heshima zao, nao walinitaka kwa kijana wao. Baba aliwajibu kwamba binti atasoma kwanza mpaka siku ile ifike, na siku ile ikifika waje. Nilisikia maneno hayo nikiwa nyuma ya ukuta, nikipura mtama. Siku ile. Ni siku gani, hakuna aliyeniambia. Nilidhani ni sikukuu fulani ya watu wa Nzega.

Bibi yangu alitaka kunipeleka kwa akina mama wanaowakalisha wasichana ndani na kuwafunza. Baba alikataa. Alikuwa Mkristo, na padri alikuwa amesema mambo hayo ya gizani yaachwe, masista watamfundisha msichana yote yanayomfaa. Masista nao, nilikuja kujua baadaye, waliamini kwamba mama wa Kiafrika humwambia bintiye kila kitu angali mdogo, na kwa hiyo wao wamebakiwa na kazi ya kusoma, kushona na kusali. Kila nyumba ilidhani nyumba ya pili imesema. Na mimi nikawa katikati, masikio wazi, sina hata neno moja.

Somo lililokaribia mambo hayo lilikuwa Usafi. Sista aliyetufundisha ndiye aliyekuwa mkuu wa shule, Mzungu mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyokomaa kwa kazi. Alikijua Kiswahili kwa kitabu. Kila neno lilikaa mahali pake, safi, limepigwa pasi, na halikuwahi kutoka nje kucheza na mengine. Alikuwa na picha kubwa ya mwili wa binadamu aliyoitundika ubaoni, na katikati ya picha, tangu shingoni mpaka magotini, alikuwa amebandika karatasi ya kaki. Tulijifunza kichwa. Tulijifunza meno, masikio, kucha, funza wa miguuni. Kisha tukarudi kichwani. Siku moja upepo ulifunua karatasi ile upande mmoja, darasa zima likainama mbele kwa pamoja, na Sista akaja na gundi.

Ungo wa kwanza niliuvunja kwa sababu ya miguu yangu. Tulikuwa jikoni asubuhi tukipepeta mahindi yaliyotwangwa, nami nilikuwa nawaonyesha wenzangu jinsi shemasi mmoja wa kwetu anavyotembea akiwa na haraka. Nikarudi nyuma hatua moja zaidi ya ilivyotakiwa, na kisigino kikatua katikati ya ungo uliowekwa chini. Ukingo ulikatika, ukili ukafumuka mpaka katikati. Wenzangu walicheka mpaka wakashikana. Sista aliposikia kicheko alikuja, akauokota, akautazama, akasema ungo ni mali ya shule na mzazi wangu ataleta mwingine.

Nilipiga magoti kanisani kwa muda uliompendeza. Wakati huohuo Sista alimwita mpishi, mzee mpole aliyekuwa ameshuhudia yote, akamtuma Mtendeni kwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa mwangalizi wangu pale mjini. Maneno aliyompa yalikuwa haya, na mpishi aliyabeba bila kupunguza wala kuongeza: "Mwambie binti yake amevunja ungo. Ampelekee baba habari, na baba aje."

Wasomaji wa mjini mmeshaanza kucheka. Subirini. Mimi nilikuwa sijui.

Shangazi aliolewa na Mwarabu wa dukani na Kiswahili chake kilikuwa cha Mtendeni, Kiswahili cha ndani hasa. Kwake, na kwa baba, na kwa kila mtu aliyekulia katika lugha hiyo, msichana akivunja ungo amevunja utoto. Ameona damu yake ya kwanza, amekuwa mwanamke. Ungo wa mahindi haumo kabisa katika habari hiyo. Mpishi, aliyekuwa mtu wa vijijini kama mimi, alitusimulia baadaye kwamba alipofikisha ujumbe yule mama alipiga vigelegele, majirani wakatoka, na yeye akakalishwa mkekani akaletewa chai na maandazi. Alikula, akashukuru, akarudi njia nzima akifikiri kwamba watu wa mjini ni watu wa ajabu, kufurahia hasara kiasi kile.

Habari zikapanda treni. Haikupita wiki nikaitwa kutoka darasani.

Baba alikuwa amesimama katika chumba cha Sista, amevaa koti lake la reli ingawa kulikuwa na joto, kofia mkononi. Shangazi alikuwa kando yake na kanga mpya iliyokunjwa. Nikapiga goti. "Shikamoo baba. Shikamoo shangazi." Shangazi aliitikia kwa sauti ya furaha ambayo haikunihusu. Baba aliitikia bila kunitazama usoni, na hilo lilinitisha kuliko fimbo, kwa sababu baba alikuwa mtu wa kutazama.

"Habari umeipata?" Sista alimwuliza.

"Nimeipata, Sista."

"Amevunja ungo. Jikoni, mbele ya wenzake wote."

Baba alitazama sakafu. Shangazi alivuta pumzi. "Mbele ya wenzake," akasema polepole. "Masikini mwanangu."

"Na tumempa adhabu," Sista akaendelea. "Amepiga magoti kanisani."

"Adhabu?" Shangazi alishindwa kujizuia. "Sista, mtoto anapigishwa magoti kwa jambo hilo? Hilo si la Mungu mwenyewe?"

"Hapana, mama. Si la Mungu, ni la uzembe. Alikuwa akirukaruka. Nimewaambia wasichana hawa, mkitulia hamtavunja. Na si yeye wa kwanza. Wengine wamevunja wakaficha, tukaja kuona nyuma ya jiko."

Sijui niieleze vipi sura ya baba wakati ule. Alikuwa mtu aliyewahi kuona mwenzake akikatwa mguu na behewa, na hakuwa na uso kama ule. Mwishoni alijikohoza akasema, "Basi, Sista, tunawashukuru. Nimekuja kumchukua. Mama," akaniambia mimi, maana nilikuwa na jina la mama yake na ndivyo alivyoniita, "kachukue vitu vyako."

Nikapiga kelele. Hapo ndipo watu hucheka zaidi ninaposimulia, na mimi pia, lakini niliposema maneno yale nilikuwa nayasema kwa roho yangu yote. Nilimshika baba miguu. "Baba, nisamehe! Nitausuka mwenyewe! Sitavunja tena, baba, naapa, nitapepeta polepole!"

Shangazi alijifunika uso kwa kanga mpya.

"Kumchukua kwa sababu ya ungo?" Sista naye alikuwa ameshangaa. "Baba, mtihani uko karibu. Ni ungo mmoja. Lete mwingine, yatakwisha."

"Mwingine?" baba akasema.

Sista alichoka na sisi sote. Alitoka kwa hatua zake ndefu, akarudi na ungo wenyewe, ukingo umening'inia, vumbi la mahindi bado limo, akamkabidhi baba mikononi. Baba aliugeuza. Aliuona unyayo wangu. Aliugeuza tena, na polepole mabega yake yakaanza kutikisika, kisha akacheka kwa kicheko kilichomtoa machozi, akaegemea ukuta wa Sista na kofia ikaanguka. Shangazi naye alikuwa hoi. Sista alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayesubiri wageni wamalize kusali kwa dini yao.

Hakuna aliyemweleza. Ni nani angemweleza? Baba hakuweza kulitamka jambo lile mbele ya mtawa. Shangazi hakuweza kulitamka mbele ya kaka yake. Na mimi niliyekuwa nalia sakafuni ndiye niliyehusika, na ndiye niliyejua kidogo kuliko wote. Baba alijifuta macho, akaahidi kuleta ungo, akanipa mkono wa kwaheri. Alipokuwa akitoka nilimsikia akimwambia shangazi kwa Kinyamwezi, "Haya, siku haijafika. Ikifika kweli nitarudi." Alikuwa amechangamka. Alilisema kama mtu anayetaja ratiba ya treni.

Shangazi alibaki nyuma kidogo langoni. Nikamuuliza kulikuwa na nini. Alitazama huku na huku, akanisogezea mdomo sikioni, akaniambia yote kwa pumzi moja: siku moja nitaona damu, ndiyo huo ungo wenyewe, nisiogope, ni ukubwa, na siku hiyo nisimwambie mtu mwingine ila yeye. Nikauliza na yeye atafanyaje. Akanishangaa. "Nitampelekea baba yako habari, ndivyo ilivyo. Na baba yako ana neno na watu." Kisha akarekebisha kanga yake akaondoka, miguu yake ikipiga vumbi, mtu aliyemaliza wajibu.

Huo ndio ulikuwa mtaala mzima. Msichana akijua mwili wake, mwili wake unakuwa habari, na habari inapanda treni.

Baada ya hapo sikukaa. Wenzangu walilala, mimi nikageuka. Kila tumbo liliponiuma, hata kwa maharage mabichi, nilijua ndiyo hiyo. Nilianza kutembea kwa tahadhari, kama mtu aliyebeba mtungi, nikiamini kwamba nikitulia vya kutosha nitaichelewesha mpaka mtihani upite, kwa kuwa Sista alikuwa amesema mkitulia hamtavunja. Ndiyo, nilijua alikuwa akisema ungo wa jikoni. Lakini akili ya mtu mwenye hofu haichagui. Nilipunguza kula. Niliacha kuruka kamba. Usiku wa kuamkia Jumapili tulikuwa tukiimba, na mimi niliimba nikiwa nimebana miguu.

Mara moja nilijaribu kuuliza. Ilikuwa kwenye Usafi, picha iko ubaoni. Niliinua mkono, nikamuuliza Sista katikati, pale chini ya karatasi, kuna nini. Sista hakukasirika. Aliniangalia kwa huruma ya kweli, hilo namkubalia mpaka leo, akatafuta neno katika Kiswahili chake safi. "Katikati," akasema, "kuna heshima." Wenzangu waliandika daftarini. Najua, kwa sababu mmoja wao aliniuliza heshima huandikwa kwa herufi gani.

Ukaja wakati wa kuanza marudio ya mtihani. Ilikuwa asubuhi, tunamwagilia bustani, nikahisi, nikaenda nyuma ya ghala, nikaona. Sikuogopa damu yenyewe, shangazi alikuwa amenipa hilo, na namshukuru. Niliogopa kila kitu kingine. Sikuwa na kitambaa cha kunitosha. Nilichana kipande cha gunia, kikanikwaruza. Kumwambia shangazi ni kumwambia baba. Kumwambia mwenzangu ni kuwaambia wote. Akabaki Sista, ambaye alikuwa na kabati la vitambaa vyeupe, na ambaye nilidhani, mwanamke mtu mzima, lazima anajua.

Nilisimama mlangoni pake. Nilikuwa na neno moja tu la jambo lile, sikuwa na jingine katika lugha yoyote ambayo yeye angeielewa. Neno zuri, neno lenye adabu, lililotembea kutoka pwani.

"Sista," nikasema, "nimevunja ungo."

Aliinua macho kutoka kwenye daftari zetu. Akashusha kalamu.

"Tena?"

Nimekuwa nikilisikia neno lile maisha yangu yote. Niko darasani, niko sokoni, niko kwenye mkutano wa walimu, nalisikia. Tena? Angeniuliza unaumwa, ningesema. Angeniuliza unalia nini, ningesema. Aliuliza, "Uko wapi?"

"Nimeutupa, Sista."

"Umeutupa wapi?"

"Chooni."

Nilipiga magoti kanisani mpaka saa ya chakula, na gunia. Nilimsihi asimtume mpishi Mtendeni, nikaahidi kusuka nyungo mwaka mzima, lakini alisema mzazi ana haki ya kujua. Kupitia kidirisha cha kanisa nilimwona yule mzee akitoka langoni kwa mwendo wake wa taratibu, amebeba maneno yaleyale. Binti amevunja ungo. Safari hii yalikuwa ya kweli, na aliyeyatuma hakujua, na aliyeyabeba hakujua.

Basi nikakaa nikimngoja baba. Treni ya Mwanza tuliisikia ikipiga honi, na kila ilipopiga mimi nilisimama. Nilifanya hesabu za mtihani huku nikisikiliza lango. Kwenye insha tuliambiwa tuandike juu ya mnyama tunayempenda, nikaandika juu ya punda, ukurasa mzima, na sikumbuki hata neno moja. Niliwaza kwamba baba akija sasa nitampigia magoti tena, na safari hii hatacheka. Mtihani ukaisha. Hakuja mtu.

Kilichokuja ni ungo. Aliuleta mtu wa genge la reli aliyekuwa na safari Tabora, umefungwa ndani ya gunia. Alikuwa na ujumbe, akautoa mbele ya Sista huku akikenua. Baba yangu amecheka sana. Shangazi alipopeleka habari kwamba nimevunja ungo tena alicheka, na baba aliposikia akacheka, na genge zima likacheka, na anasema nikivunja na huu nitapepeta kwa mikono mitupu. Hakuna aliyefikiri jingine. Neno lilikuwa limeshachekwa mara moja, likageuka kuwa mzaha wa nyumba, na ndani ya mzaha huo nikapita.

Sista aliufungua ungo. Mzingo wake wote ulikuwa umeviringishwa vitambaa, kimoja juu ya kingine, vimefungwa kwa ukamba. "Mama yako ni mwangalifu," akasema. "Ameukinga usivunjike njiani. Ungejifunza kwake." Akanipa nivifungue, tupate kuupeleka ghalani.

Nilivifungulia nyuma ya ghala. Treni haivunji ungo. Vilikuwa vipande vya kanga moja ya mama, ile ya zamani ambayo alikuwa akinibebea mgongoni, iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama kitu cha kuliwa. Alikuwa amevikata sawasawa, akavikunja mara mbili, akavipinda pindo na kuvishona kila upande ili visichanike. Vilikuwa vingi. Mtu hashoni pindo kwenye kitambaa cha kufungia mzigo.

Nilikaa chini. Nililia kwa furaha, halafu nikalia kwa hasira, na hasira haijaniisha. Alijua. Katika nyumba ile iliyokuwa ikicheka, mwanamke mmoja asiye na Kiswahili aliwaacha wenye maneno wacheke, akahesabu umri wangu, akachukua sindano. Angeweza kumwambia baba, hakumwambia. Lakini angeweza kuniambia mimi pia, miaka yote ile nikiwa naye jikoni na shambani, na hakuniambia. Alinipa kila kitu isipokuwa neno. Na aliyenificha neno ndiye aliyeniokoa, na sijui niweke wapi mambo haya mawili.

Nilifaulu. Nilikwenda shule ya kati, na kila muhula mama aliniletea ungo kwa mtu wa reli, umeviringishwa vizuri. Baba aliamini nina mikono mibovu. Wakuu wa shule mpya nao walishangaa, ghala lao lilikuwa na nyungo kuliko mahindi. Habari zikafika Nzega, kama zinavyofika, kwamba binti yule wa Bukene hawezi kupepeta bila kuvunja. Mama wa yule kijana akasema nyumba yake haina nyungo za kuchezea, na wakaenda kuposa kwingine. Baba alisononeka kidogo. Mama aliendelea kusonga ugali.

Kwa hiyo mtu akisimama mkutanoni akasema tuwaachie akina mama, sina ugomvi na akina mama. Nawajua wanavyopenda. Nataka kumwuliza yule mwenzetu anayepigiwa makofi, mabinti zake wamepewa kitambaa au wamepewa neno, kwa sababu kitambaa bila neno humwacha mtoto akimbie peke yake na gunia. Na wanawe wa kiume je, wanaocheka kwenye genge bila kujua wanachocheka? Mimi darasani kwangu husema. Nasema damu, nasema tumbo la uzazi, nasema hedhi si tangazo la ndoa, nawaambia wavulana na wasichana pamoja, mapema, kabla halijamfika yeyote. Wanaona haya. Haya hupita kabla ya kengele. Jumatatu nitarudi kwenye mkutano ule na nitakaa kwenye kiti kimoja mpaka nimalize.

Niliporudi Bukene likizo ile ya kwanza baada ya mtihani tulikaa na mama nje tukipepeta mtama, kila mmoja na wake. Nilimsubiri. Nilijiambia leo atasema, au mimi nitasema. Jua lilisogea kutoka miguuni mwetu mpaka ukutani.

"Ungo ulifika salama?" akaniuliza kwa Kinyamwezi, macho kwenye mtama.

"Ulifika, mama."

"Na vya kufungia, vilitosha?"

"Vilitosha."

Akapuliza makapi. Nilimtazama mdomo wake, nikingoja. Alichota mtama mwingine, akauweka kwenye ungo wangu, tukaendelea.